Siku Tulipomkata Kobe Paa

Waliokuwepo gereji siku ile ni hawa, na nawataja wote ili asije mtu akasema hakuwepo, au akadai alikuwepo na hakuwa. Mzee Kombo, mwenye gereji na fundi bodi, ambaye ndiye aliyeniingiza kazini. Makame mchomeleaji, mtoto wa dada yake Mzee Kombo, aliyeoa kwetu Vitongoji, kwa hivyo mie humwita mkwe na yeye huitika anapotaka. Bwana Nassor, aliyekuja likizo kutoka Maskati, mtoto mkubwa wa marehemu Bwana Abdalla. Nduguye mdogo Said, aliyekuwa akingoja harusi yake. Mama yao, Bi Zuwena, mwenye gari kwa haki, kwa sababu mumewe alimwachia yeye. Faki wa Wesha, dereva wa pikapu ya dagaa, ambaye hakuwa na udugu na yeyote pale ila alikuja kuziba pancha akakaa mpaka magharibi. Na mie, Mize binti Hamad, mshona viti. Nje walijaa wengine, na majina yao ninayo, lakini wale walikuja kutoa ushauri tu, na mtoa ushauri mie simhesabu kuwa alikuwepo.

Riziki, weye uliyerithi cherehani yangu, ndiye uliyenishika niandike kabla sijasahau. Kusahau sijasahau. Kilichonitoa kazini ni macho, hayaoni tundu la sindano, na magoti, hayataki tena kuingia chini ya dashibodi. Skuli niliishia darasa la tatu, kwa hivyo nukta na mikato mtatia wenyewe pale mtakapoishiwa pumzi.

Nilianza kwa kushona magodoro ya usufi. Aliyenifundisha ni Bi Shumu wa Vitongoji, mama wa watu, mkali, aliyekuwa akipima godoro kwa kulilalia yeye mwenyewe, na akipata bonge mgongoni hukurushia sindano. Siku moja Mzee Kombo alikuja kuchukua godoro la mkewe mdogo, akaligeuza, akatazama mshono wa chini ambao watu hawautazami, akaniuliza, "Bibi, kiti cha gari unaweza?" Nikamwambia naweza. Sikuwahi kukaa kwenye gari ila mara mbili, na mara zote mbili nilikaa juu ya magunia.

Kiti cha kwanza kilikuwa cha dereva wa lori la karafuu, jina lake Hija. Nikakijaza usufi kama godoro, nikakishona kwa mikono yangu yote. Hija akaondoka nacho amefurahi. Wiki ile ile akakirudisha, amekasirika, amekwaruza lori zima ubavu wa kushoto. "Mzee Kombo, huyu bibi wako kanishonea kitanda! Nimefika njia ya Kiuyu nimeshaota ndoto mbili!" Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kiti cha dereva kinatakiwa kimsumbue mtu kidogo. Nikaanza kutia sumba za nazi, zile nyuzi ngumu za makumbi, chini, usufi juu, na watu wakafika makwao wako macho.

Mzee Kombo hakuwa mtu wa kufundisha kwa maneno. Alikupa kazi, akakaa mbali akitafuna tambuu, ukikosea akakohoa. Mafundi wote wa gereji ile waliosifika wamefunzwa kwa kikohozi. Kwangu alinunua sindano zilizopinda, na nyuzi za kushonea matanga, ambazo hazikatiki hata ukizilaani. Akaniambia kitu kimoja tu katika miaka yote hiyo ambacho nakiona kinafaa kuandikwa: "Mize, bati lina kiburi. Ukilipasha moto kwa pupa linanuna, na likinuna halinyooki tena hata ulibembeleze kwa nyundo mpaka kiyama."

Sasa tuje kwa Kobe.

Kobe ilikuwa gari nyeusi ya Bwana Abdalla, ya zamani, paa lake refu la mviringo, ukimwona mtu ndani utadhani kakaa chini ya kawa la kufunikia chakula. Ukoo wao walikuwa watu wa mashamba, mikarafuu mpaka huoni mwisho wake, na yote hayo yakapita kama yapitavyo. Gari ikabaki. Bwana Abdalla alikuwa akiivaa kama mtu avaavyo joho: siku za Idi, siku za harusi, na siku ya kwenda hospitali. Yeye kulia, Bi Zuwena kushoto, wote wawili nyuma, na dereva mbele peke yake hata akiwa ni mtoto wao. Alipofariki, Kobe ikalazwa kwenye banda, na Bi Zuwena kila Ijumaa hufungua mlango, akaingia, akakaa kidogo, akatoka. Hakuna aliyemuuliza anafanya nini humo. Kwetu mtu na huzuni yake huachwa.

Bwana Nassor akaja kutoka Maskati na simu. Huko, alisema, au labda si huko, labda huko ndani ya simu, watu wenye gari za zamani hukata paa. Huzikata nguzo za madirisha zinazobeba paa, wakatoa pande, wakalishusha paa mpaka madirisha yanabaki mwanya kama macho ya paka. Akamwonyesha Mzee Kombo. Gari imefunguliwa, imefungwa, imepakwa rangi, inang'aa, yote kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa.

"Unaona, Mzee? Rahisi."

"Naona," Mzee Kombo akasema. "Na muziki ule unapiga wakati wa kukata, au tutaleta wetu?"

Bwana Nassor alitaka Kobe ikatwe iwahi harusi ya Said, bwana harusi apelekwe nayo Wesha kwa mkewe, na watu wa Wesha wajue Bwana Abdalla aliacha watoto. Mama yake hakutaka. Walivutana siku nyingi, habari tunaletewa na Said, ambaye ndiye mwenye harusi na ndiye ambaye hakuna aliyemuuliza kitu. Mwishowe Bi Zuwena akaja gereji mwenyewe, amevaa buibui lake, akasimama mlangoni.

"Sabalkheri, Mzee Kombo."

"Sabalkheri, Bi Zuwena. Karibu."

"Sikai. Nimekuja na neno moja. Nassor anataka kukata, na mie nimechoka kusema hapana kwa mtoto aliyesafiri mbali. Kateni. Lakini mie nimeingia gari hii bibi harusi, nimekaa ubavuni kwa marehemu shingo wima mpaka Mungu alipomchukua. Siku nitakayoingia humo nikainama, mtakuwa mmenitoa. Na sitarudi. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Na huyu?" Akamnyooshea kidole Bwana Nassor.

"Mama, kwani nani atakayekuinamisha?"

"Paa, mwanangu. Si ndilo unalolishusha?"

Basi ikawa kazi ile haina tena habari ya madirisha ya macho ya paka. Ilikuwa habari ya kichwa cha Bi Zuwena. Mzee Kombo akakata ufito, akamweka Bi Zuwena kwenye kiti cha nyuma, akasimamisha ufito ubavuni kwake.

"Kaa kama unavyokaa siku zote."

"Kwani nina kukaa kwingine?"

Akatia chaki pale kichwa kilipoishia, na buibui juu yake. Bwana Nassor akainama dirishani na simu. "Mama, wenzetu wanakata kiganja kizima na zaidi. Tazama hii."

Bi Zuwena akatazama kwa adabu. "Hao wenzetu wana vichwa?"

Said naye akaingia akapimwa, maana ndiye abiria wa harusi. Kijana mrefu, shingo ya twiga, amevaa kofia yake ya kazi nzuri aliyofumiwa na dada yake. Kichwa na kofia vikalingana na chaki ya mama yake, tofauti ya unywele. Wote tukafurahi. Mzee Kombo akaongeza vidole vitatu vya nafasi, akasema hapo ndipo paa litakapoishia na hata kukiwa na simu elfu haliteremki zaidi. Kile kilichobaki cha kukata kilikuwa kidogo kuliko alivyotaka Bwana Nassor, akanuna mchana mzima.

Nyie mnaokata siku hizi kwa grainda, nisikilizeni mpangilio, kwa sababu ndio wenye faida. Kwanza vioo vyote vikatoka, na mipira yake, nikaipaka mafuta ya nazi isipasuke. Kisha Makame akachomelea vyuma vya msalaba ndani ya gari, mlango hadi mlango, maana gari isiyo na paa hujikunja kama mtu asiye na uti, na ikijikunja milango haifungi tena maisha. Kisha zikachorwa nguzo zote kwa chaki, kila moja mistari miwili, na pande la katikati ndilo litakalotoka. Mzee Kombo akasema Bismillahi, akashika msumeno.

Bi Zuwena alikuwa amesema hatakuja. Alikuja. Akakaa juu ya tairi, akageuza uso ukutani, akawa anasikiliza tu. Msumeno wa chuma una sauti mbaya. Nguzo ya mwisho ilipokatika, wanaume wakalinyanyua paa, mmoja kila pembe, Mzee Kombo, Makame, Said na Faki, wakatoka nalo taratibu nje, mabegani. Bwana Nassor alikuwa akipiga picha.

Bi Zuwena akageuka wakati ule ule. Akatazama. Akasema kwa sauti ya kawaida, "Hivyo hivyo ndivyo walivyomtoa."

Bwana Nassor akaishusha simu, na nasema haki yake, hakuinyanyua tena mpaka jioni. Aliyesema ni Faki, aliyekuwa chini ya pembe ya nyuma na hakusikia kitu. "Jamani, na mvua ikinyesha sasa?"

Baada ya kutoa yale mapande ya nguzo, wakalirudisha paa likalie mahali pake. Nyuma likakaa. Mbele likagoma. Nguzo za mbele za gari ya zamani hazisimami wima, zimelala kurudi nyuma, na ukizifupisha, ile ncha ya chini inabaki mbele na ile ya juu inabaki nyuma, hazionani. Paa likawa fupi. Lilikuwa refu miaka yote hiyo, na leo fupi.

Waliokuwa nje ukutani wote wakaanza kusema pamoja. Mmoja akasema livutwe kwa kamba na lori. Mwingine akasema gari irudishwe nyuma. Sikumwelewa na naamini yeye pia hakujielewa.

"Kwenye simu haikuwa hivi," akasema Bwana Nassor.

"Basi iite simu ije ichomelee," akasema Makame.

Mzee Kombo akatafuna tambuu yake, akazunguka gari, akakohoa, na kwa mara ya kwanza nilimwona akijikoholea mwenyewe. Akasema hakuna njia ila kulikata paa lenyewe kati, upande hadi upande, nusu ya mbele isogee mbele, na pengo litiwe kipande kipya. Bi Zuwena akasimama.

"Tumesema nguzo. Sasa mnaniambia mgongo!"

"Bi Zuwena, nisikilize..."

"Nimekusikiliza ndiyo maana mume wangu yuko vipande viwili uwanjani. Nassor, funga kazi. Nitakwenda nayo nyumbani hivyo hivyo ilivyo."

Na angekwenda nayo. Tulimjua. Kobe ingelala bandani bila paa, kuku wakaingia wakatagia, na Ijumaa zake zikaisha. Mzee Kombo akatema tambuu, jambo ambalo hafanyi mbele ya wanawake, akachukua ule ufito wenye chaki, akaingia kwenye gari, akausimamisha kwenye kiti cha nyuma, kushoto.

"Nakuuliza wewe, si mtu mwingine. Hapa juu ya chaki hii nimekuahidi nini?"

"Vidole vitatu."

"Nikikata kati, vidole vitatu vinabaki. Kipande kipya kitakaa juu ya kichwa cha dereva, si juu yako. Nikipunguza hata kidole kimoja, uniite mwizi msikitini."

Akautazama ufito. "Dereva ni nani?"

"Nassor," akasema Said, haraka.

"Kata," akasema Bi Zuwena.

Bati la kipande kile lilitoka kwenye boneti ya gari iliyokufa nyuma ya gereji, bati la zamani, nene, lenye kutii. Makame akachomelea nukta hapa, akaenda upande wa pili akachomelea nukta kule, akarudi, na mie na Said tunafuata nyuma na matambara ya maji tukipoza. Ikachukua muda mrefu, na wale wa ukutani wakachoka wakaenda zao, ndiyo faida yake nyingine. Msichomelee mstari mzima kwa pumzi moja, wanangu. Mtapata paa lenye mawimbi, na mtamaliza debe zima la puti kuficha aibu, na puti hupasuka siku ya jua kali mbele za watu.

Kazi yangu ikaja mwisho, kama siku zote, wakati kila mtu ameshachoka na haraka yote nakabidhiwa mie. Bwana Nassor alileta sponji jipya na plastiki nyekundu inayong'aa kama mdomo wa ngamia. Nikalibonyeza sponji lile. Lilikuwa linasukuma. Mtu akikalia kiti kile kipya atanyanyuka, na vidole vitatu vya Mzee Kombo vitaliwa na sponji kabla hajafunga mlango. Nikamwita Bi Zuwena pembeni, nikamwambia kama lilivyo.

"Kile cha zamani ndani mna nini?"

"Usufi. Umelala, una mashimo mawili. Lako dogo, na lile jingine."

Akaupitisha mkono juu ya kitambaa cha zamani. "Funika tu, shoga yangu. Usijaze kitu."

Nikafunika. Plastiki nyekundu juu, usufi wa zamani chini, na sponji la Maskati nikalitia kiti cha dereva, mpaka juu. Bwana Nassor akashukuru.

Asubuhi ya harusi Kobe ikatoka. Nitasema ukweli ingawa si wangu: ilikuwa nzuri. Imekaa chini, nyeusi, madirisha membamba, kama imekunja macho inakutazama. Bwana Nassor kwenye usukani, kichwa kimegusa dari kidogo kwa ajili ya kiti kile kizuri. Said akaingia nyuma na kanzu na kofia, akakaa wima, wakaenda msikitini kwenye nikaha, wakarudi, kila mtu anapiga picha. Mzee Kombo alisimama barazani kwao amevaa kanzu, anapokea pongezi bila kukohoa hata mara moja.

Alasiri ndipo bwana harusi anapovishwa apelekwe kwa mkewe. Mjomba wao, Mzee Sleiman, ndiye afungaye vilemba vya ukoo ule, na hufunga yeye tu, na hufunga kwa saa nzima, na mtu akizungumza huanza upya. Akatoka Said: joho, jambia kiunoni, na kilemba juu ya kofia, kimekaa, kimejaa, kama taji. Vigelegele. Udi. Said akafunguliwa mlango wa Kobe, akaingiza mguu, akaingiza bega, na kilemba kikabaki nje.

Akajaribu tena kwa kuinama. Kilemba kikasugua mlango, Mzee Sleiman akapiga ukelele kama aliyekanyagwa. Akajaribu kwa kurudi nyuma, matako kwanza. Akaingia mpaka shingo.

"Kivue kidogo," akasema Bwana Nassor.

"Kivuliwe?" Mzee Sleiman akasimama kati yao. "Kilemba changu nikishakifunga hakitoki mpaka bibi harusi akione. Ondoa paa lako!"

"Paa limechomelewa, Mjomba!"

"Basi na kilemba kimechomelewa!"

Sote tukamtazama Mzee Kombo, na Mzee Kombo akatazama miguu yake. Mtu huyu alikuwa na wake wawili, kilemba kimemkaa kichwani mara mbili, na wale wanaume wote waliokuwa gereji, ukimtoa Said, wameoa, Makame, Faki, wote, na hakuna hata mmoja aliyewaza siku ile kwamba bwana harusi ana kichwa kirefu kuliko kichwa chake. Mwanamme huvaa kilemba siku moja, na siku hiyo amebabaika, hakumbuki lolote. Bi Asha, mke mkubwa wa Mzee Kombo, akasema pale pale mbele ya wanawake wote, "Kwangu pia alisahau kuvua viatu."

Bwana Nassor akataka kiti cha nyuma king'olewe, Said akae sakafuni. Akaniita, "Bi Mize, lete spana!" Nikamwambia mie ni mshonaji. Tena nikamtazama Bi Zuwena, kwa sababu kiti kile nilijua ni cha nani.

Bi Zuwena hakusema na mtu. Akakusanya buibui lake, akapita kati ya wanaume, akaingia Kobe kwa mlango wa kushoto. Hakuinama. Akakaa mahali pake, mikono mapajani, uso mbele, na juu ya kichwa chake nafasi ileile aliyoahidiwa.

"Nassor, washa gari," akasema. "Mtabishana mpaka magharibi na bibi harusi wa watu anangoja."

"Na Said, mama?"

"Said ana miguu. Na Faki ana pikapu."

Ndivyo harusi ilivyokwenda Wesha. Kobe mbele, Bi Zuwena kiti cha nyuma peke yake, na kulia kwake pako wazi na hakuna aliyethubutu kupakalia. Nyuma yake pikapu ya dagaa, Said amesimama wima kwa joho na jambia, mkono mmoja kwenye chuma cha keria, mkono mwingine kichwani, na Mzee Sleiman amemshikilia kwa nyuma asipulizwe na upepo. Sisi wanawake tulikuwa gari ya tatu, na harufu ilitufikia.

Kwa mkewe walikuwa wamejipanga mlangoni. Shangazi wa bibi harusi, Bi Raya, mama mnene, mpole, haoni vizuri, mrashi wa marashi mkononi, akasikia mlango wa Kobe unafunguliwa, akamwaga marashi yote kwa wingi, na kigelegele kirefu, "Karibu bwana harusi, karibu mwanangu, ingia kwako!"

Akashuka Bi Zuwena, amelowa uso mpaka kidevu. Akajifuta kwa ncha ya ukaya wa buibui lake. Akatengeneza shingo yake.

"Bwana harusi yuko nyuma na dagaa, Bi Raya. Mie nimekuja na mume wangu."

Basi mimi nakumbuka hivyo. Kama nimemtia mtu mahali ambapo hakuwepo, au nimemtoa alipokuwepo, au kama paa lilinyanyuliwa na wengine na si hao niliowataja, aje Vitongoji kabla ya adhuhuri, nipo barazani, anirekebishe uso kwa uso nami nitalikata jina na kuandika jingine. Mzee Sleiman naye, akitaka kusema kilemba hakikupinda, aje pia. Nitamsikiliza.